Namna ya Kuwatambua Vijana Wadogo Wanaoongoza na Kuitumikia Jamii: Mwongozo kwa Vijiji na Mitaa ya Uganda

Siku niliyopeleka wazo hili kwenye kikao cha kijiji, hapa Busia upande wa Uganda, mzee mmoja alinijibu kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Alikwisha kuona watoto waliosifiwa mbele za watu wakavimba kichwa, hata salamu wakaacha. Nilimwambia, "Mzee wangu, mgema huharibiwa na sifa za mtu ambaye hata hajaonja tembo lake." Naamini hivyo hadi leo. Sifa za juu juu humlewesha kijana. Lakini ukimweleza mbele ya watu alichofanya hasa, alimfanyia nani na kwa muda gani, anajua ameonwa, na anajua pia kwamba kesho ataangaliwa.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, mwalimu, imamu, katekista, mama wa kikundi cha akiba, au yeyote anayetaka kuwatambua vijana wa miaka 13 hadi 19 mahali anapoishi. Hauhitaji shirika wala mfadhili. Unahitaji watu sita au saba wenye subira, daftari moja na kama miezi mitatu.

Kwa nini umri huo? Sheria zetu zimeuacha katikati. Katiba ya 1995 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mabaraza ya vijana ni ya wenye miaka 18 hadi 30. Kwa hiyo binti wa miaka 15 anayeendesha darasa la jioni chini ya mwembe hana kiti popote, ingawa kazi anayoifanya ni ya mtu mzima. Shule zilipofungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote nyingine duniani, ni vijana wa namna hiyo waliowashika mkono wadogo zao wasisahau kusoma. Wengi wao hawakuambiwa hata asante.

Hatua ya kwanza: anza na waliotumikiwa

Hapa ndipo tulipokosea mwaka wa kwanza, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Tuliandikia shule barua, tukaomba majina. Yalikuja majina mazuri, yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Karibu yote yalikuwa ya viranja wakuu, viongozi wa midahalo na wanaokaa mstari wa mbele kwenye gwaride. Sisemi hawakustahili. Nasema tuliuliza swali baya, tukajibiwa kulingana nalo. Shule inawajua walio na vyeo. Kijana aliyeacha shule darasa la saba kwa kukosa karo, shule itamjuaje?

Wiki moja baada ya sherehe ya kuwapa vyeti nilikwenda kuteka maji alfajiri, mfereji wa nyumbani ulikuwa umekauka. Kwenye kisima cha pampu nilimkuta mvulana wa miaka kama 14, miguu peku, ameshika kipande cha chaki. Kila jerikani iliyofika aliiandika namba ubavuni na kuiweka kwenye mstari. Jerikani za wazee na za wajawazito alizitoa kwenye mstari na kuzipanga upande wa kushoto, kwenye kivuli cha ukuta, na baada ya kila jerikani tano za kawaida alijaza moja ya upande ule. Hakuna aliyegombana naye. Mama mmoja alijaribu kuruka zamu. Mvulana hakupaza sauti, alielekeza chaki kwenye namba tu, na mama yule akarudi nyuma. Nilimuuliza nani amemweka pale. Akasema, "Hakuna. Walikuwa wanapigana." Alikuwa akifanya hivyo tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia. Nasi tulikuwa tumetoa vyeti mita chache kutoka pale.

Tangu siku hiyo tunaanza na waliotumikiwa. Nenda kisimani, zahanati, sokoni, kituo cha boda boda, kwa mama muuza chapati, kwa mzee anayeishi peke yake, kwa wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT. Usiulize, "Ni kijana gani mzuri hapa?" Utatajiwa mtoto mwenye adabu. Uliza hivi: "Ni kijana gani ambaye asipofika wiki hii utapata shida?" Swali hilo moja limetuletea majina ambayo fomu zote hazikuyaleta. Limetuletea binti anayewasomea wazee maandishi ya kwenye pakiti za dawa na kuandika saa za kumeza kwenye daftari la kurasa 48, ukurasa mmoja kwa kila mzee. Limetuletea kijana anayewatafsiria wagonjwa zahanati, kutoka Kisamia na Kiteso kwenda Kiswahili na Kiganda. Limetuletea pia mvulana kiziwi anayewafundisha majirani lugha ya ishara ili waweze kuongea na wenzake.

Shule bado ziulizwe, lakini baadaye, na kwa swali hilo hilo.

Hatua ya pili: kubalianeni mnatafuta nini

Kabla jina lolote halijajadiliwa, kamati iandike vigezo vyake kwenye karatasi moja. Sisi tunatumia vitatu. Cha kwanza ni muda: kazi iwe imeendelea kwa miezi sita au zaidi. Tuzo ya kimataifa ya vijana iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Duke of Edinburgh, ambayo leo iko katika nchi zaidi ya 100, huwaanzisha vijana wakiwa na miaka 14, na ngazi yake ya kwanza, ya shaba, haichukui chini ya miezi sita. Kipimo hicho kina busara. Mtu anaweza kuokota takataka siku moja kwa ajili ya picha. Kuziokota kwa majuma ishirini na sita ni tabia.

Cha pili ni kwamba kuna mtu anayenufaika ambaye tunaweza kuongea naye. Cha tatu, ambacho wengi hukisahau, ni kama kijana anawavuta wenzake. Uongozi katika umri huo mara nyingi hauna hotuba. Ni kumkabidhi rafiki chaki na kumwonyesha namna ya kupanga jerikani.

Alama za mtihani zisiingie. Kiingereza kizuri kisiingie. Cheo kisiingie, si kwa kumpunguzia wala kwa kumwongezea.

Wanakamati wakishindwa kupata picha ya mnachokitafuta, wape mifano inayojulikana. Mwaka 2009 Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto ilikwenda kwa Baruani Ndume, kijana mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa akiishi kambini Tanzania. Alikuwa na kipindi cha redio kwa Kiswahili, Sisi kwa Sisi, ambacho watoto wakimbizi walieleza humo matatizo yao, na baadhi yao wakasaidiwa kuwapata wazazi waliopotezana nao. Hapa kwetu, Leah Namugerwa alipotimiza miaka 15 mwaka 2019 alipanda miti 200 badala ya kufanya sherehe ya kuzaliwa. Mifano hii iwe ya kufungulia macho, isiwe kipimo. Wa kijijini kwako hatakuwa na redio, na pengine atakuwa na mti mmoja tu anaoumwagilia kwa maji aliyooshea vyombo.

Hatua ya tatu: kamati ndogo, yenye watu wanaofaa

Watu saba wanatosha. Mtafute kwanza makamu mwenyekiti wa LC1. Wengi hawajui kwamba kwa sheria yeye ndiye katibu wa masuala ya watoto katika halmashauri ya kijiji, na mara nyingi yeye mwenyewe hajawahi kuombwa kulifanyia jambo jema jukumu hilo. Huitwa tu mtoto anapopigwa au kutelekezwa. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya njiani, pitia kwa wenyeviti wa RWC, yaani kamati za ustawi wa wakimbizi, nao wawe pamoja na wenyeji wa jirani kwenye kamati moja. Vijana wa pande hizo mbili wanateka kisima kimoja.

Ongeza mwalimu mmoja, mhudumu wa VHT, mtu mmoja mwenye ulemavu, na mwakilishi wa wanawake. Kisha vijana wawili, mvulana na msichana, wenye kura kamili. Hili msilipunguze. Watu wazima hudanganywa na heshima ya kijana mbele yao. Wenzake wanajua anavyokuwa mkiondoka. Mara mbili vijana wetu wametuzuia kumpa cheti mtu aliyekuwa akiwanyang'anya wadogo pesa za nauli.

Mwanakamati akiwa na mtoto, mpwa au mjukuu kwenye orodha, atoke nje jina hilo linapojadiliwa. Atoke kabisa, asikae mlangoni.

Msipokee pesa za mwanasiasa. Atataka kukabidhi yeye, atakuja na fulana za chama, na kijana aliyepigwa picha naye atabaki na rangi hiyo mtaani hata baada ya kura kuhesabiwa.

Hatua ya nne: kusanya majina, kisha yahakikini kwa miguu

Majina yapokelewe kwa mdomo na kwa maandishi, kwa lugha yoyote. Anayepokea kwa mdomo aandike maneno ya msemaji kama yalivyotoka, asiyasafishe. "Ananifagilia uani kila Jumapili na haombi kitu" ni ushahidi. "Ni kijana mwenye moyo wa kujitolea" si ushahidi wa chochote. Wiki tatu za kupokea majina zinatosha, mkitangaza msikitini, kanisani, na kwa kipaza sauti cha kijiji asubuhi, kile kile kinachotangaza misiba na chanjo.

Halafu watu wawili watembelee kila jina. Wafike kazi inapofanyika, siku ambayo kijana hakuwaandalia kitu. Waongee na watu watatu tofauti, mmoja wao asiwe ndugu wala rafiki. Wafike pia nyumbani, waongee na mzazi au mlezi, na waulize jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: kazi hii inamgharimu nini mtoto? Kuna kijana anayetumikia jamii kwa kukosa masomo siku tatu kwa wiki. Mkimpa cheti bila kulitatua hilo, mmembariki aendelee kuumia. Tulimkuta binti mmoja aliyekuwa akimuuguza jirani usiku kucha. Hakuhitaji tuzo kwanza. Alihitaji wanawake wanne wagawane zamu. Zamu zikapangwa, tuzo ikafuata.

Nyumbani utagundua pia kwamba nyuma ya kijana huyo kuna dada anayeosha vyombo vyake ili yeye apate nafasi. Andikeni jina la dada.

Hatua ya tano: ridhaa, na kosa langu la pili

Hili silisimulii kwa urahisi. Mwaka wa pili tulimtambua binti aliyewasaidia wenzake watatu waliopata mimba kurudi darasani. Alikwenda nao kwa mwalimu mkuu, akawabebea watoto nje ya darasa wakati wa mtihani. Mimi ndiye niliyeandika maelezo. Niliyaandika kwa moyo, nikaeleza kila kitu, mshereheshaji akayasoma kwa spika mbele ya kijiji kizima. Sikutaja majina ya wale watatu. Haikuhitajika. Mtaa mmoja, darasa moja, mwaka mmoja: kila mtu alijua. Mmoja wao alihamia kwa shangazi yake kabla ya muhula kuisha, na binti tuliyemsifu alilaumiwa kuwa amewauza wenzake. Nilikwenda kuomba radhi nyumba zote nne. Radhi nilipewa, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Sasa kabla ya kutangaza chochote tunayasoma maelezo kwa sauti mara tatu: kwa kijana, kwa mzazi au mlezi wake, na kwa mtu aliyetumikiwa. Yeyote kati yao akisema ondoa sentensi hii, inaondolewa bila kuuliza kwa nini. Kazi zinazogusa ugonjwa, mimba, ukatili wa nyumbani au ulevi wa mzazi zinatambuliwa faraghani, kwa barua na kwa ziara. Hazipungui thamani kwa kukosa spika.

Sheria nayo iko upande huu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hairuhusu, kwa kawaida, kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Basi kuwe na karatasi ya ridhaa iliyotiwa saini au dole gumba, ikisema waziwazi kama picha itapigwa, itabandikwa wapi, na kama itawekwa kwenye WhatsApp au Facebook. Jina la shule na njia anayopita kijana visiandikwe mtandaoni hata kwa ridhaa. Na mwambie kijana, akiwa peke yake, kwamba anaweza kukataa tuzo. Wapo wanaokataa, nao wana sababu zao.

Hatua ya sita: kitu cha kumpa

Cheti kizuri ni kile kinachosema kazi. Kiandikwe: kijana fulani, kwa miezi kumi na minne, amepanga foleni ya maji kila alfajiri katika kisima fulani, wazee na wajawazito wakipewa nafasi. Kiwe na saini ya mwenyekiti na muhuri wa LC1, kwa sababu huku kwetu karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye matokeo yake ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, au cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule. Nimeona kijana akirudishwa kwa sababu cheti kimoja kina "y" na kingine kina "i". Kisha kifunikwe kwa plastiki, yaani kilaminetiwe.

Pamoja na cheti mpe barua ya ukurasa mmoja, yenye maelezo marefu zaidi na namba ya simu ya mwanakamati mtu mzima. Barua hiyo ndiyo itakayomfaa atakapoomba nafasi ya shule, ufadhili au kazi ya kwanza.

Zawadi ya vitu iende kwenye kazi yenyewe: buti za mpira na koleo kwa anayezibua mitaro, taa ya sola kwa mwenye darasa la jioni, daftari gumu na kalamu kwa binti wa dawa. Fedha taslimu mkononi mwa mtoto zinaleta ugomvi nyumbani. Mkiweza kulipa karo, lipeni benki kwenye akaunti ya shule na mzazi apewe risiti. Msiahidi muhula ambao pesa zake hamnazo bado. Kijana aliyeahidiwa mbele ya watu kisha akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo anajifunza kitu kibaya kuhusu watu wazima, na hakisahau.

Kazi ikiwa ya kikundi, tambueni kikundi. Msimchague mmoja anayeongea vizuri.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Chagueni siku isiyogongana na mitihani. Oktoba na Novemba ni za PLE na UCE, mtihani wa kidato cha nne, ziacheni. Sisi tunapenda tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, kwa sababu watu hukusanyika hata hivyo. Kijiji kingine kinaweza kuiunganisha na siku ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji: asubuhi watu wote wanafyeka na kuzibua mitaro, mchana wanakaa kivulini. Hiyo nayo inapendeza: tuzo ya kazi inatolewa na watu wenye udongo mikononi.

Saa moja na nusu, isizidi. Hotuba mbili. Chai, mandazi, au rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) kama mfuko unaruhusu, na vijana wapewe chakula kwanza badala ya kuwahudumia wageni wa heshima siku iliyo yao.

Anayekabidhi cheti awe aliyetumikiwa. Mwaka jana mzee mmoja mwenye presha alimkabidhi binti wa dawa. Alikuwa amekuja na pakiti zake tupu, amezifunga kwa mpira, za miezi minane. Hakutoa hotuba. Alizionyesha watu, akasema, "Hizi nimemeza zote, kwa saa yake," kisha akampa cheti kwa mikono miwili. Yule mzee wa methali ya mgema alikuwa amekaa safu ya mbele, na ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Hatua ya nane: baada ya viti kurudishwa

Kila kijana apewe mtu mzima mmoja wa kumtembelea mara moja kwa mwezi kwa miezi sita, akiuliza juu ya masomo na nyumbani kabla ya kuuliza juu ya kazi. Hatari kubwa baada ya tuzo ni kumgeuza kijana kuwa mtumishi wa kila mtu: kila msiba aitwe, kila mkutano apange viti. Mlezi huyo awe na mamlaka ya kusema hapana kwa niaba yake. Kijana akitaka kupumzika au kuacha, aache kwa heshima, amkabidhi mwingine, na jina lake libaki pale pale.

Majina yaandikwe kwenye rejista mbili zinazofanana, moja kwa makamu mwenyekiti na moja shuleni au zahanati, pamoja na nakala ya kila barua. Mvulana wa kisimani alirudi kwangu miaka miwili baadaye, sauti imekwisha kuvunjika, anataka kuomba nafasi ya kujifunza ufundi wa mabomba. Cheti chake kililoana mvua ilipoezua nyumba yao. Tulikwenda kwa makamu, tukafungua rejista, tukapata ukurasa wake, na kabla chai haijapoa alikuwa na nakala mpya mkononi, yenye muhuri.